Askari Aliyejibu Posa

Jumapili ya mwisho ya Mei. Manyunyu tangu alfajiri, jua kidogo kabla ya adhuhuri, kisha manyunyu tena. Njia ya kupandia Mkongani ilikuwa utelezi mtupu.

Leo tumekwenda kumposea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ni mwanajeshi. Likizo yake inakwisha wiki hii, na huko anakopelekwa hakuambiwa atarudi lini. Tungekosa jibu leo, labda tungelikosa kabisa. Msichana anamtaka, naye anamtaka msichana. Lililobaki lilikuwa neno la mjomba wa msichana, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Upande wetu mjomba ni mimi, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi. Shule niliiachia darasa la sita na kupamba maneno sijui, lakini desturi haikuniuliza hayo.

Njiani nilimwonya. "Ukifika, kaa kimya. Posa haijibiwi na mwenye kuoa."

"Sawa, mzee."

"Na ukiulizwa?"

"Nitajibu, mzee."

"Ebo! Utanitazama mimi."

"Nimeelewa, mzee."

Zamani alikuwa akiniita mjomba. Tangu aingie jeshini maneno yake yamekuwa mafupi. "Labda" halisemi tena. Wasio wanajeshi anawaita raia, hata mamake. Juzi alimwambia, "Nyinyi raia mwapenda kuchelewa," dada akacheka, halafu akaingia jikoni. Lakini lazima niandike na la upande wa pili. Kabla ya jeshi alikuwa mwongo wa kupendeza. Ukimtuma sokoni asubuhi, samaki utamla kesho. Siku hizi akisema anakuja, anakuja. Huenda ni umri tu uliombadilisha, sina hakika. Mimi nadhani ni yale maneno. Likizo ya kwanza aliyasema kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Likizo hii viatu vimemkaa.

Tulitarajiwa asubuhi, tukafika alasiri kwa kuchelewa kwangu, lakini tulipokewa vizuri. Dada yangu aliingia ndani kwa wanawake, alikokuwa msichana mwenyewe. Sisi tukakaa barazani na mjomba wake na bibi yake. Tukapewa kahawa na mahamri. Nilianza kwa mbali, nikazungumzia mvua, mahindi, ujirani wa wazee wetu. Nilikuwa bado sijafika kwenye posa yenyewe, mjomba mtu akanipita akamtazama kijana.

"Wewe askari. Mwanangu akishikwa na uchungu, na saa ile ile mkubwa wako akakwita, waenda wapi?"

Kwa desturi hakupaswa kumuuliza yeye. Lakini simlaumu, ningekuwa mimi natoa mtoto, pengine nami ningeuliza. Nilifungua kinywa niseme kwamba ruhusa huombwa, na Mungu hufungua njia. Kijana alikuwa amekwisha kusimama, mikono imebana mapajani.

"Kwa mkubwa wangu, mzee."

Bibi akamtazama toka chini hadi juu. "Kaa, mwanangu. Nyumba hii haina bendera."

Watu wakacheka. Mjomba mtu hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Basi umeshanijibu. Tumwache mwanetu akae kwao."

Nikaona posa imekwisha. Nikasema kijana hakukusudia hivyo. Akanikata yeye mwenyewe. "Nimekusudia, mzee. Nimeapa. Nikisema lingine nitakuwa nimewadanganya." Akaendelea. "Lakini askari hatoki lindoni mpaka aje wa kumpokea. Hata awe mgonjwa, hata kunyeshe. Sitamwacha peke yake. Nitamkabidhi kwanza."

"Kwa nani?"

"Kwa mjomba wangu huyu."

Hilo hatukuwa tumelizungumza. Wote wakanigeukia. Nilitaka kusema ndiyo, na nilijijua: mimi ni mtu wa kusahau, na simu yangu mara nyingi haina chaji. Nikasema, "Inshallah," na hata mimi niliisikia ilivyotoka nyepesi.

Hapo sauti ya msichana ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kali.

"Mwambieni mimi si bunduki, nikabidhiwe kwa amtakaye yeye. Kama ni kukabidhi, nataka kwa mamake. Huyo mjomba tumemngoja tangu asubuhi."

Bibi akapiga kofi goti lake. "Umesikia, bendera?"

Kijana hakujua asimame au akae. Kisha akasema, polepole, "Ni kweli, sikumuuliza. Basi iwe kwa mama, kama mama atakubali." Dada yangu akajibu kutoka ndani kwamba yeye alikwisha kukubali, wanaume ndio walikuwa bado wanazunguka.

Mjomba mtu akavuta kofia yake mbele, akairudisha. Akasema mtu anayekataa kumdanganya siku ya posa hatamdanganya mwanawe baadaye. Kuondoka ataondoka, lakini angalau litakuwa limejulikana mapema. Posa akaipokea. Tukasoma Fatiha. Harusi ni likizo ijayo, kama likizo itakuwepo. Hilo la mwisho alilisema mjomba mtu, si mimi.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kijana kama neno moja la uongo lingemdhuru. Akasema, "Ningelisema zamani, mjomba." Sikujua kama nifurahi. Nilipata nafuu kwamba zamu haikuniangukia, na iliniuma kidogo kwamba walioniona kwa siku moja walinipima sawasawa.

Jioni dada alisonga sima, tukaila kwa papa mkavu wa nazi na mchicha. Kijana alimaliza kwanza, akabaki ameketi mpaka sote tukamaliza.