Nyasi za Katikati ya Shamba

Wiki jana kazi ilinirudisha kwenye bwawa la stima, kule juu tunakotoka, mwendo mrefu kutoka Nakuru. Nilisimama ukutani nikayatazama maji. Nilidhani nitalia, rafiki yangu. Nilichohisi ni njaa tu.

Chini ya maji hayo ndiko tulikolelewa. Kama nawe ulikulia huko baridini, unaijua harufu ya viazi vinavyochomwa kwenye majivu. Likizo ikifika, nyanya alituamsha kungali na umande tukachimbe viazi, mto ukinguruma bondeni. Katikati ya shamba aliacha nyasi, mahali padogo tu, na jembe halikupagusa. Tukimuuliza, alijibu, "Hapo wacheni papumzike."

Alizikwa hapo kifungua mimba wake, aliyekufa kabla ya kupewa jina. Haya nyanya, alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimwambia shangazi, naye shangazi akaniambia. Kwetu mtoto kama huyo hakuwekewa alama, na mama hakuruhusiwa kumtaja. Aliyeruhusiwa kusema alikuwa mkunga aliyemzika, jirani yetu.

Kisha wakaja watu wa bwawa. Walisema litaleta maendeleo, na kweli lilileta: barabara ya lami, vibarua, stima. Sisi tulipewa mashamba karibu na Salgaa. Makaburi nayo yangehamishwa, bora tu yaonyeshwe. Lakini mkunga alikuwa amekufa zamani.

Siku ya wapimaji, baba aliwaonyesha kaburi la babu, wakalipaka chokaa. Nyanya alisimama kwenye nyasi zake asubuhi nzima, akingoja mtu mwingine aseme. Sisi tulifikiri ni ukaidi wa uzee, mtu hataki kuhama. Mwishowe mpimaji mmoja akamwambia, kwa heshima kabisa, "Mathe, hebu songa kidogo tupime."

Nyanya akasonga.

Babu alizikwa upya Salgaa, na nyanya analala kando yake. Malori hupita hapo usiku na mchana. Nyumba yetu ina taa, na sikumbuki nyanya akiilalamikia hata siku moja.

Pale ukutani mlinzi alinijia. "Boss, unaangalia nini?"

"Kwetu."

"Kwenu ni wapi hapo?"

Niliinua kidole nimwonyeshe. Maji yalikuwa sawasawa kila upande. Nikakishusha.