Siku Nilipomshika Mama Mkwe Mkono

Haya, chekeni, lakini mjue kwamba hata mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile ya Kosele nafunika uso, tena nikiwa peke yangu chumbani bila mtu wa kuniona. Nimewahi kutumbukia mtoni na suti ya harusi (si yangu, ya kuazima), nimewahi kukimbizwa na fahali wakati watu wanatoka kanisani, na hayo yote nayasimulia bila haya. Hili la Kosele nalisimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu mke wangu ameenda sokoni.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, nikiuza katika duka la dawa za mifugo pale Migori mjini. Mimi ni Mkurya wa upande wa Isebania, jina langu Mwita, na nilikuwa nimempata msichana Mjaluo wa Kosele anayeitwa Adhiambo, tukakaa pamoja karibu mwaka mzima kabla hata ng'ombe mmoja hajatoka kwetu kwenda kwao. Basi kwao wakachoka. Wakamwita akamsalimie mama yake, akaenda, na alipofika akaambiwa atulie hapo hapo mpaka huyo mwanamume ajitokeze mchana kweupe kama watu wengine. Baba yao alikuwa marehemu, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama, na mama (salamu hizi nililetewa na shemeji yangu Ochieng', kaka yake Adhiambo) alisema ng'ombe hawamkoseshi usingizi, watakuja tu, yeye anachotaka kujua ni mtu wa namna gani anayemchukua binti yake kumpeleka mbali, kwa watu ambao hata lugha yao haisikii. Kwa kifupi nilikuwa naenda kupimwa, na nikishindwa ningerudi Migori peke yangu.

Sasa Ochieng' alikuwa amenidokezea jambo. "Shem, mathe hawezi kukuomba kitu," aliniambia (mathe ndiyo mama yake), "lakini tangu siku alienda Kisumu kutolewa jino akanunuliwa aiskrimu, hajawai acha kuiongelea." Mtu mwenye akili zake angesikia hayo, akatikisa kichwa, akapeleka sukari na blanketi. Mimi niliona njia imefunguka, kwa sababu dukani kwetu kulikuwa na friza, na kulikuwa na boksi la baridi, lile la kubebea chanjo za kuku, na pale mjini kulikuwa na mkahawa mmoja uliouza aiskrimu nyeupe kwa ndoo ndogo. Nikajiambia, Mwita, mkwe gani mwingine amewahi kuingia Kosele na kitu kama hicho?

Kilichobaki ni kuchagua mifuko ya barafu. Dukani tulikuwa nayo ya aina mbili, na yote ni ile unayoigandisha, unaitumia, unairudisha friza na kesho unaigandisha tena. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu nyeupe, ndani ni maji matupu, mizito kama matofali. Ya pili ilikuwa laini, ikija na chanjo kutoka Nairobi, na ndani yake kulikuwa na kitu cha buluu kinachotetemeka kama uji wa muhogo. Boke, dada niliyeuza naye, aliniona nashikashika ile laini akaniambia, "Chukua zile ngumu. Hizo laini zimegandishwa na kuyeyushwa mpaka zimechoka." Nikamwambia yeye ashughulikie dawa za kupe. Ile migumu ilikuwa inaacha nafasi pembeni, lakini hii laini ilikuwa inaikumbatia ndoo vizuri kabisa, na (niseme ukweli) ilipendeza macho, na ukweni mtu hajipeleki na vitu vya kizamani. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza na kijipicha cha mdomo uliopigwa mstari, ambacho nilikiona na nikadhani ni habari za sigara.

Halafu nikafanya ujinga wenyewe. Nikiwa nimeshaizungushia ndoo mifuko pande zote, niliona baridi ya nje haitoshi kwa safari ya kutoka Migori mpaka Kosele kwa barabara zile, nikafungua ndoo, nikalaza mfuko mmoja humo ndani, juu ya aiskrimu yenyewe, nikafunika na kukandamiza mfuniko kwa goti. Pikapu ya chakula cha kuku ikanibeba mpaka Oyugis, boksi likiruka kwenye kila shimo nami nikiruka nalo, na hapo nikapata mtu wa kunisogeza Kosele.

Walinipokea vizuri, hilo siwezi kulikana. Ochieng' alinikalisha nyumbani kwake, maana mkwe haendi kuketi katika nyumba ya mama mkwe kama anaingia hotelini. Mama alikuwa nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja, na wanawake wa kikundi chake cha kanisa, na Adhiambo wangu akiwa humo humo. Mnajua mambo ya mama mkwe na sisi. Kwa Wakurya humtazami usoni, humgusi, ukikutana naye njiani unaingia kichakani. Kwa Wajaluo nako ni vilevile au zaidi. Alikuja mpaka karibu na mlango, leso imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akanipa bega, akasalimia ukuta, nami nikausalimia ukuta mwingine, na kila mtu akaona mkwe ana adabu. Boksi likachukuliwa na wasichana wakaenda nalo kwake.

Nikala kuku. Nikasikia vicheko kutoka ile nyumba ya pili, vicheko vya wanawake wanaokula kitu kitamu, nikajinyoosha kwenye kiti kama chifu. Baada ya muda Ochieng' akarudi na boksi, amelishika mkono mmoja.

"Wanasema ero kamano sana," akaniambia, yaani asante sana. "Mifuko yako yote iko ndani. Mathe anasema aiskrimu ni tamu, na ile ya buluu ndiyo tamu kuliko ile nyeupe."

Nikamuuliza, "Ya buluu gani?"

"Si ile ya juu kwenye ndoo? Iliyobaki ameiweka kando, anataka kuila polepole."

Jamani, mimi nilinunua nyeupe tupu. Nikafungua boksi. Mifuko ilikuwa imelala humo, na mmoja ulikuwa bapa, umepasuka kwenye mshono, na nilipoushika vidole vyangu vikanata. Nikaugeuza nikasoma yale maandishi kwa mara ya kwanza: usile, usimeze, weka mbali na watoto. Na chini yake jina la kampuni ya dawa za mifugo.

Sijawahi kuogopa namna ile, na sisemi kwa kuongeza chumvi. Nikamwona Ochieng' anaongea na simsikii. Nilichosikia ni vile vicheko vya ng'ambo, na nilikuwa nasubiri kimoja kikatike. Niliona majeneza yamepangwa uwanjani. Nilimwona Adhiambo akiwa katika moja, maana naye alikuwa amekula, na kama hakula, nilimwona amesimama juu ya kaburi la mama yake akinitazama. Niliona watu wa Kosele wakiuliza ni nani aliyeleta sumu, na jibu ni Mkurya, jina lake Mwita, yuko pale anakula kuku. Shetani akaniambia mlango uko wazi, barabara iko karibu, na Isebania ukivuka tu uko Tanzania. Niliusikiliza ushauri huo (naona aibu, lakini niliusikiliza) na miguu ikainuka yenyewe, nikatoka mbio, ila mahali pa kugeukia barabarani sikugeuka. Nilikata uwanja, kuku wakitawanyika, Ochieng' nyuma yangu akiita, "Shem, wapi? Huko si choo! Huko ni kwa mathe!"

Niliingia bila hodi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, leso ameivua kwa joto, kichwa wazi chenye mvi kikionekana chote, na kijiko cha kitu cha buluu kiko njiani kwenda mdomoni. Nikamrukia. Nikamshika mkono, huu hapa wa kulia, nikaung'ang'ania kwa mikono yangu miwili, bakuli likapinduka, na tukatazamana macho kwa macho mimi na mama mkwe wangu, jambo ambalo hata wazee waliokufa hawajawahi kuliona. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Yawa," yaani jamani.

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Ningesema tu kwamba mfuko umepasuka, tafadhali msile. Lakini hofu ilikuwa imeshika ulimi, na kilichotoka ni, "Msimeze, ni dawa ya ng'ombe, mtakufa wote."

Basi ikawa kazi. Mmoja akaanza kujitia vidole kooni pale pale mlangoni, mwingine akaomba maziwa, mwingine akasema si maziwa ni maji ya chumvi, yakaletwa yote mawili, wakanywa yote mawili, wakatapika yote mawili. Mzee mmoja wa jirani alikuja na jivu kwenye kikombe. Mama mmoja mnene aliketi chini kabisa, akaanza kugawa mali yake, ng'ombe wa madoa apewe fulani, cherehani apewe fulani, na yule aliyepewa cherehani naye alikuwa anatapika. Adhiambo alinishika shati akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Mwita, umetupa nini?" Ile sauti ndogo iliniogopesha kuliko makelele yote.

Gari halikuwepo. Kulikuwa na trekta ya jirani imetoka kushusha matofali, na wote wakapandishwa kwenye trela lake kwenda zahanati, nami nikapandishwa pia, kwa sababu Ochieng' alinishika mkanda wa suruali akasema, "Wewe huendi popote." Hakukuwa na nafasi ila moja, na ilikuwa mgongoni mwa mama mkwe. Tukakaa mgongo kwa mgongo. Alikuwa amejifunika leso mpaka puani, na kila trela liliporuka alijivuta mbele asiniguse, nami najivuta mbele kwa upande wangu nisimguse. Yaani hata akidhani anakufa, mama yule alishika mwiko wake. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Akikohoa, roho inanitoka. Niliomba Mungu wa Wakurya na Mungu wa kanisa lao na yeyote mwingine aliyekuwa na nafasi.

Kwenye zahanati tulimkuta daktari kijana mwenye miwani. Aliutazama msafara, akautazama ule mfuko uliopasuka niliomtolea mfukoni, akausoma mbele na nyuma, akaunusa. Akaniuliza wamekula kiasi gani. Nikamwambia vijiko. Akasema, "Hapa imeandikwa usile. Haijaandikwa utakufa. Ni maji, unga wa kugandisha na rangi. Labda tumbo litauma kidogo." Akawatazama wanawake waliolegea kwenye benchi. "Lakini hawa wamechoka sana. Nani aliwapa chumvi yote hiyo? Na nani alisema ni dawa ya ng'ombe?"

Benchi zima likanigeukia. Yule mama mnene aliyegawa mali alikuwa wa kwanza kucheka, halafu akakumbuka kwamba ameshagawa ng'ombe wake mbele ya mashahidi, akaacha. Wagonjwa wengine waliokuja na malaria zao wakaulizana, wakaelezwa, wakacheka wakishika mbavu. Mimi nilitoka nje nikaketi chini kando ya trekta. Mama mkwe hajafa, nikajiambia, wala Adhiambo, na mimi nimemshika mama mkwe mkono na kumwona kichwa wazi mbele ya kanisa lake, kwa hiyo mke sina.

Nimeapa, na kiapo hiki nimekishika hadi leo, kwamba sitapeleka tena ukweni kitu kinachohitaji baridi. Sukari haipasuki. Blanketi haliyeyuki. Na ikibidi niweke kitu kwenye boksi, natumia ile mifuko migumu ya maji matupu na siiweki pamoja na chakula, na mtu akiniambia hii imechoka, namsikiliza hata akiwa Boke. Mbuzi wa kusafisha lile kosa la kumshika mama mkwe nilimtoa, na wazee walimla wakicheka mbele yangu.

Lakini siku ile yenyewe, jua likiwa limeshuka, nilikuwa bado nimeketi kando ya trekta nikiogopa kuinua kichwa, nikaona viatu vya Adhiambo. Ameshika begi lake, lile alilokwenda nalo kwao, ametoka kulichukua nyumbani. Nikadhani anakuja kuniaga.

"Simama twende," akasema. "Mama ameniruhusu."

Nikamuuliza mama amesema nini hasa, kwa sababu sikuamini.

"Amesema ulipomshika ulikuwa unatetemeka mwili mzima na unalia. Amesema mwanamume anayeogopa namna hiyo kumuumiza mtu hawezi kuniinulia mkono."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikampokea begi. Akaniangalia, akalichukua tena akalibeba mwenyewe, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haijaacha kutetemeka na begi lilikuwa linaanguka.