Hamsini kwa Mia, kwa Miguu ya Nani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kajiado, mpima ardhi aliyeniajiri alinipa tepu akaniuliza ina pande ngapi. Nikasema mbili. "Basi umepata kazi," akasema. Upande mmoja ulikuwa wa futi na inchi, wa pili mita na sentimita. Akanieleza kwamba ramani huongea mita na watu huongea futi, na kazi yangu ni kutowachanganya. Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa mama wa watoto watatu, nimetoka kozi ya upimaji iliyotufundisha mita tupu, na nilijiona nimefika.

Miaka hiyo ya tisini Kitengela ilikuwa inakatwakatwa. Kila ploti ilikuwa hamsini kwa mia. Ingia hotelini unywe chai, ni hamsini kwa mia meza zote, na hakuna aliyetaja hamsini gani. Mwezi wangu wa tatu kazini mpima akanituma peke yangu kwa mara ya kwanza, kupiga bikoni, vile vyuma vya mpakani, kwa mzee Mmaasai aliyemuuzia fundi wa magari kipande cha shamba. Karatasi yao ilisema "50 kwa 100", basi. Jamani, nilivyofurahi! Nikavuta tepu, mita hamsini huku, mita mia kule. Fundi alinifuata akipiga mluzi.

Chuma cha mwisho kiliingia katikati ya njia ya ng'ombe ya kwenda silanga, bwawa lao la maji. Mzee akafika na mifugo yake.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitika, nikainamisha kichwa akanigusa.

Akakitazama kile chuma. "Nakerai," akaniita, yaani mtoto wangu, "hiyo kamba yako inapima na miguu ya nani? Ng'ombe yangu itapita wapi kuenda maji?"

"Mzee, hizi ni mita."

"Mimi sijauza mita. Nimeuza miguu."

Akasimama kwenye kona, akaanza kupanga viatu vyake vya tairi, kisigino kwa kidole, akihesabu kwa Kimaasai. Hamsini ilipotimia akafunua nyasi. Palikuwa na jiwe aliloweka siku ya kuuza. Nikageuza tepu: futi hamsini na mbili. Nilikuwa nimegawa shamba la mwenyewe karibu mara kumi ya alichouza.

"Dada, karatasi ni karatasi," fundi akasema.

"Karatasi haijasema mita. Ni mimi nimesema, na nimekosa."

Nikang'oa vyuma kwa mikono yangu. Nikamuuliza mzee kama nipunguze zile futi mbili zilizozidi. "Wacha," akasema. "Nilimuuzia miguu yangu."

Nilirudi Kajiado nikijua nimefutwa, nikawaza karo ya watoto njia nzima. Mpima alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uling'oa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kesho uende kupima Isinya. Peke yako."

Nilipima miaka mingi baada ya hapo, na kabla ya kufungua tepu nilimuuliza kila mteja: hamsini gani? Nilipostaafu, mzee alikuwa ameshatutoka. Mke wake mkubwa alinitumia kiatu kimoja cha tairi. Nilikipima siku hiyo hiyo, pande zote mbili za tepu. Inchi kumi na mbili na nusu. Sentimita thelathini na mbili, kasoro kidogo. Na juzi nilipita Kitengela: maghorofa huku, maghorofa kule, na katikati ng'ombe wanaenda maji.