Kitufe cha Imekamilika

Kiongozi wa timu yetu alikuwa na tabia ya kusoma kazi ya mtu kwa sauti mbele ya wenzake, kama anayesoma barua ya mapenzi aliyoiokota njiani. Siku ile alisoma yangu.

"Shikamoo Mwalimu. Habari za asubuhi. Tunaomba kukukumbusha..." Akanitazama. "Dogo, hii ni meseji au unaposa?"

Wote wakacheka. Tulikuwa wanne tu, katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Kizwite, Sumbawanga, kwa hiyo kicheko cha wote ni cha watu watatu. Bado nilikisikia wiki nzima.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kusimamia miradi kwa njia ya mtandao. Unaingiza kazi, unaweka jina la mwenye kazi na siku ya mwisho. Akichelewa, kazi inageuka nyekundu, na mfumo unamtumia meseji kila asubuhi mpaka abonyeze kitufe kilichoandikwa Imekamilika. Meseji hizo ndizo nilizopewa mimi kuziandika. Mteja wetu wa kwanza alikuwa kikundi cha wakulima wa Chala waliokuwa wanajenga ghala la mahindi, na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, ndiye aliyepewa kazi ya kuleta mchanga. Mimi nilikuwa bado katika muda wa majaribio. Kiongozi wa timu ndiye angemwambia mkurugenzi kama nipewe mkataba, au nirudi Ilemba kwa wazazi, na shahada yangu, nikapalilie.

Kiongozi akafuta salamu. Yakabaki maneno haya: "Hujakamilisha kazi yako. Umechelewa." Na chini, jina la aliyeingiza kazi kwenye mfumo, yaani langu. Niliona hatari pale pale. Nikafikiria nimwambie, nikafikiria nimwambieje, nikapanga upya sentensi, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshahamia kwa mwingine.

Mwalimu alikuja mwenyewe, umeme ukiwa umekatika, kavaa koti zito la baridi. Akasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Aliponifikia akauliza jina, nikamtajia, akaurudisha mkono mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Ni wewe? Kila nikiamka, kabla sijanawa uso, mtoto wa juzi ananiambia nimechelewa. Hata shikamoo hakuna! Leo ndiyo unaikumbuka? Kwenu wanaongea na wazee hivyo?"

Nilimtazama kiongozi wa timu. Nilidhani atasema.

"Tusamehe, Mwalimu," alisema kwa upole ambao hakuwahi kunipa mimi. "Huyu dogo bado anajifunza."

Dada anayechora kurasa za mfumo, aliyekuwapo salamu ikifutwa, alikazia macho kompyuta iliyozimika.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama mchanga ulikuwa haujafika.

"Umefika zamani!"

"Sasa Mwalimu, ungebonyeza tu kile kitufe..."

"Nibonyeze mimi? Nijitangaze mwenyewe kwamba nimemaliza? Mchanga unaletwa, kamati inakuja, inaangalia, kamati ndiyo inasema. Wewe ukilima unajipigia makofi mwenyewe shambani?"

Kiongozi wa timu akacheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Ikaamuliwa niende Chala naye, niuone mchanga, niombe radhi mbele ya kamati. Kabla sijamaliza kushuka ngazi simu ikatetemeka. Kiongozi wa timu alikuwa ameniingizia kazi mpya: "Kuomba radhi Chala. Mwisho: leo."

Kiti cha mbele cha pikapu ya Mwalimu kilikuwa kitupu. Mwalimu akanionyesha nyuma, kwenye mifuko ya saruji. Upepo wa nyanda za juu za Ufipa unapenya sweta kana kwamba hukuvaa kitu, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi kwa meno yanayogongana.

Kamati ilikuwa inasubiri. "Huyu ndiye anayetuma matusi?" akauliza mama mmoja. "Mbona mwembamba hivi?" Wakacheka. Nikazungushwa lile rundo zima la mchanga.

"Haya, sema," akaamuru Mwalimu.

"Umefika, Mwalimu. Unatosha."

"Unajuaje kama unatosha? Wewe fundi?"

Akaitwa fundi, akasema unatosha, kamati ikakubali, na mimi nikabonyeza kwa niaba yao. Halafu nikaomba radhi. Niliyasema yote niliyoyapanga, isipokuwa kwamba salamu niliiandika ikafutwa. Nikamalizia kwa shikamoo, nimeinama.

"Nimesikia," alisema Mwalimu, akaondoka.

Nimesikia. Nililipima neno hilo mpaka Sumbawanga. Anayekusamehe anasema marahaba. Anayesema nimesikia, amesikia tu.

"Umeomba radhi?" kiongozi wa timu aliniuliza kesho yake.

"Nimeomba."

"Funga kazi basi. Leo napeleka majina kwa mkurugenzi, na siwezi kupeleka mtu mwenye nyekundu."

Nikafungua ukurasa. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikakaa hapo.

"Hajaitikia," nilisema.

"Nini?"

"Shikamoo yangu. Hajaitikia."

"We bonyeza tu," akasema yule dada bila kugeuka. "Nani atakwenda kumuuliza?"

Hakuna ambaye angekwenda. Nilijua hilo, na ndilo lililonishinda. Sikubonyeza. Sijui kama ulikuwa msimamo au woga wangu wa kawaida uliovaa nguo nzuri. Jina langu halikwenda. Nikaongezewa mwezi wa majaribio, na nilipopendekeza mfumo uwe na mtu wa pili wa kuthibitisha kazi, nikaambiwa hii ni programu, si kikao cha ukoo.

Mwezi wenyewe unaisha, na kazi ile bado ni nyekundu. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, simu inatetemeka: "Hujakamilisha kazi yako. Umechelewa." Chini kuna jina la kiongozi wa timu. Naijua meseji hiyo neno kwa neno, na bado naisoma yote.

Mwalimu nimempigia simu zaidi ya mara moja. Hupokea. Husikiliza shikamoo yangu mpaka mwisho, halafu huniuliza nina shida gani.