Siku Mwalimu Obonyo Alipoisikiliza Tovuti

Mwaka ambao Emmaculate Awuor alimaliza kidato cha nne, mafuriko yaliufagia mpunga wa wazazi wake kule Ahero, na ndoto ya chuo ikazama humohumo majini. Akahamia mtaa wa Kondele, mjini, kwa shangazi yake Milka, muuza mitumba. Katika kutafuta kibarua akaangukia saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya Hiram, mzee mwenye asili ya Murang'a aliyekuwa akiwachapia watu barua na kuwajazia fomu za serikali. Asubuhi Emmaculate alihudumia wateja. Mchana, watu wakipungua, Hiram alimwachia kompyuta ya pembeni ajifundishe kutengeneza tovuti.

Alijifunza kwa pupa. Alichukua tovuti ambazo wengine walikwisha kuzitengeneza na kuziweka mtandaoni, akabadilisha rangi, akapachika picha na jina la mteja, kazi ikaisha. Alianza na saluni, likafuata kanisa, kisha duka la vyuma. Majirani wakaanza kumwita injinia, naye akaanza kuitika.

Kazi iliyompa sifa kubwa ilikuwa ya Charity, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefungua kituo chake Nyamasaria. Tovuti ile ilipendeza mno. Picha ziliteleza zenyewe, na badala ya maneno kulikuwa na vitufe vya duara vyenye michoro midogo: kalenda, simu, moyo. Charity akafurahi hata akaacha kupokea miadi kwa simu. Anayetaka kutibiwa, akasema, aombe siku mtandaoni.

Asubuhi moja Charity akampigia.

"Emma, njoo. Kuna mzee hapa anasema tovuti yetu haina kitu ndani."

"Haina kitu vipi?"

"Njoo umsikie mwenyewe."

Emmaculate alifika amefura. Akamkuta mzee ameketi kwenye benchi, fimbo nyeupe katikati ya magoti, simu pajani. Alikuwa Mwalimu Obonyo, aliyefundisha jiografia hadi macho yalipomwishia. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na sasa binti yake humleta kituoni kunyooshwa.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?" mzee akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kaa hapa, nyathina, mwanangu. Mimi husoma kwa masikio."

Akapitisha kidole juu ya kioo, na sauti ya simu ikaanza kusoma: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Sasa niambie, mwanangu. Kipi hapo ni cha kuomba miadi?"

Emmaculate akatazama vile vitufe vyake vya kupendeza. Yeye aliona kalenda, lakini simu haikuwa na macho ya kuona mchoro, na yeye hakuwa ameipa hata neno moja la kusema. Uso ukamshuka. Akajaribu kujitetea.

"Lakini si una binti, Mwalimu? Anaweza kukusaidia."

Akajuta kabla hajafunga mdomo.

"Lorine hunisaidia kuvuka barabara," mzee akasema bila hasira. "Hunichagulia shati. Lakini siku ya kumwona daktari wangu nataka kuipanga mwenyewe."

Huko saiba, Emmaculate alimsimulia rafiki yake Calvince, ambaye naye alikuwa fundi wa tovuti. Calvince akacheka. "Sasa ni vipofu wangapi wanaingia kwa hiyo tovuti? Mteja ameshafurahi. Wewe songa mbele."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na karibu ayameze. Lakini Calvince alipoondoka, Emmaculate akaiwasha ile sauti kwenye simu yake, akajifunga leso machoni, akajaribu kuomba miadi kwenye tovuti aliyoitengeneza kwa mikono yake. Hakufika popote. Akaivua leso, akafungua msimbo wa tovuti, yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ili arekebishe.

Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Hakuelewa alichokuwa akikisoma. Muda wote ule alikuwa akiuzia watu nyumba ambazo hajawahi kuiona misingi yake.

Hiram alimwona ameshika tama. "Utaweza kuitengeneza?"

"Siwezi," Emmaculate akajibu. Kulitamka neno hilo kulimuuma kama kung'oa mwiba, na kama mwiba, lilipotoka akapata nafuu. "Nitaanza kujifunza upya, Mzee. Kuanzia herufi ya kwanza."

Wakati huo alikuwa ameahidiwa kazi na mwenye hoteli moja ya ufukweni. Akampigia, akamwambia kwamba kwa sasa hawezi kumfanyia kazi nzuri. Kabla ya wiki kuisha, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Calvince. Emmaculate alimeza machungu, akafunga masikio, akasoma. Aliacha kunakili. Aliandika ukurasa mmoja wenye kichwa na aya moja tu, akahakikisha anajua kila alama iko pale kwa nini, ndipo akaongeza kitu kingine. Alipokwama aliuliza kwenye makundi ya mafundi mtandaoni. Wengine walimkejeli. Mmoja, Waswa wa Bungoma, ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso, alikuwa akimsahihisha kwa subira ya mzazi.

Hatimaye akaenda kwa Charity kuomba ruhusa ya kuirekebisha tovuti. Charity akagoma.

"Usiniharibie urembo wangu, Emma."

"Urembo utabaki, Dada. Nataka tu urembo huo uweze kusema."

Akaruhusiwa kujaribu. Mwalimu Obonyo akaitwa, akaketi benchini, akapitisha kidole. Safari hii simu ilisema, "Omba miadi." Mzee akatabasamu, akabonyeza, akaandika jina lake. Kisha akafika kwenye kalenda ya kuchagua siku. Kidole kikaingia humo kisitoke, kikazunguka kutoka tarehe hadi tarehe kama ng'ombe aliyepotewa na mlango wa boma. Mzee akaangua kicheko.

Emmaculate hakucheka. Alitoka nje akasimama barazani, akitazama malori ya barabara ya Nairobi bila kuyaona, machozi yakimlengalenga. Jitihada yote ile, na bado! Wazo likamjia kwamba pengine Calvince alisema kweli. Akajifuta uso kwa kiganja, akapiga moyo konde, akarudi ndani.

"Mwalimu, nionyeshe tena pale uliponaswa."

Akaketi karibu naye, hakugusa simu wala kumwelekeza. Alikitazama tu kile kidole kikihangaika, mpaka akaelewa. Akaiondoa kalenda yote na kuweka orodha fupi ya siku, kisha ya saa.

Mzee alipojaribu tena, kidole kilishuka polepole bila kunaswa, na sauti ikasema: "Ombi lako limepokelewa. Jumanne, saa nne asubuhi." Mwalimu Obonyo aliirudisha sauti isome mara ya pili. Kisha akampigia binti yake. "Lorine, Jumanne usinipangie kitu. Nina miadi." Alisema kwa sauti ileile ambayo bila shaka ilinyamazisha madarasa enzi zake, na Charity akageukia dirishani akijifanya anafunga pazia.

Habari zilienea. Vijana wa kanisa moja la Kondele wakamwalika Emmaculate azungumze nao kuhusu kazi hii. Hakujua kuhutubia, kwa hiyo aliwasimulia haya yote, pamoja na ile kazi ya hoteli aliyoikosa. Msichana mmoja, Winny, akasimama.

"Mimi sina kompyuta. Nianzie wapi?"

"Mimi pia sikuwa nayo," Emmaculate akajibu. "Tafuta mahali ilipo, uwe mtu wa kutegemewa hapo. Lakini usikimbilie kuuza kabla hujaelewa. Usiogope kusema sijui. Na ukimaliza kazi, usiulize watu kama imependeza. Wape waitumie, wewe ukae kimya utazame."

Wiki iliyofuata alishuka Dunga, kando ya ziwa, ambako akina mama wakaanga samaki walitaka tovuti ya chama chao. Hakubeba kompyuta. Alivuta kigoda karibu na karai, moshi ukimwingia machoni, akawauliza wao hushikaje simu mikono ikiwa imejaa mafuta.