Siku Senda Alipogeuza Blauzi

Aling Senda, yaani Mama Senda, ana dawa tatu za siku ya kisirani, na zote alirithi kwa mama yake. Ya kwanza ni kutumbukiza miguu kwenye maji ya chemchemi mpaka vidole viume. Ya pili ni kula embe bichi kwa kamba waliosagwa wakachacha, kali kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja. Ya tatu huitumia zile mbili zikishindwa: anavua blauzi, anaigeuza ndani nje, anaivaa tena na kutoka zake.

Sote tunaoishi chini ya Mlima Banahaw, huku Ufilipino, tunaijua hiyo ya tatu, maana ndiyo inayomfukuza tikbalang, yule jini mwenye kichwa cha farasi anayewazungusha wapita njia porini. Ila sisi wengine tunasubiri tupotee kwanza. Senda anageuza hata akiunguza wali.

"Kupotea ni kupotea tu, Ising," huniambia. "Wewe unapotea msituni, mimi napotea jikoni."

Ni fundi cherehani, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili. Mumewe ni baharia, huja nyumbani Krismasi akijaliwa. Senda huongea na pini zimebanwa midomoni, ndiyo maana wateja wengi hudhani ananong'ona umbea. Na kwa kweli mara nyingi huwa ni umbea. Miaka tisa mfululizo ndiye aliyeshonea kwaya yetu ya wanawake. Mwaka wa kumi, Lumen, mke wa kaka yake, akanunua cherehani ya umeme, na Aling Pura, kiongozi wetu wa kwaya, akampa Lumen ile kazi ya blauzi kumi na mbili. Senda alipoambiwa alitoa pini zote mdomoni, akasema, "Sawa." Tukaogopa. Hatukuwa tumezoea kumsikia akitamka neno zima.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwaya ilitakiwa kwenda kuimba kwenye sikukuu ya kanisa dogo la kitongoji cha juu mlimani. Siku hiyo kwa Senda ilikuwa ya kufa nyani, miti yote ikateleza. Paka wake alizaa watoto wanne juu ya kitambaa cha gauni la bibi harusi. Mkanda wa cherehani ukakatika. Akiwa anaunga mkanda, wali ukaungua, na alipoukimbilia wali akakanyaga pini. Mimi naishi mlango wa pili. Nilimsikia akimtaja Mtakatifu Antoni kwa sauti ambayo haikuwa ya sala, nikaenda kumsaidia kuichomoa. Nilikuwa tayari nimevaa blauzi mpya ya kwaya.

Lumen naye akatokea mlangoni, kavaa ya kwake, mwavuli mkononi.

"Wifi," akasema, "umekaa chini saa hizi? Nilidhani mafundi hawakai."

"Nilikuwa nakusubiri wewe, wifi. Hebu geuka nikuone."

Lumen akageuka nusu, mgongo hakuuonyesha. "Mikono ya mtindo mpya hii. Mashine ya umeme inajishonea yenyewe, kazi yako ni kushika tu kitambaa."

"Basi hongera kwa mashine."

"Usione wivu, wifi yangu. Mwakani nitakuachia vifungo."

Akaenda zake akivuta harufu ya wali ulioungua, na alihakikisha tumemsikia akiivuta. Senda alimfuata kwa macho mpaka akakata kona. Kisha akasimama akichechemea, akanipiga kiganja mgongoni kama mtu anayeshukuru. Kiganja hakikuondoka. Kilitembea kutoka bega hili mpaka lile, taratibu, kama anayepapasa papai sokoni.

"Ising, hii blauzi haikuwashi?"

"Inawasha kidogo. Nadhani ni upya."

"Ndiyo," akasema Senda. "Ni upya."

Akaanza dawa zake. Alitia miguu kwenye ndoo ya maji ya chemchemi, ule wenye tundu la pini na ule mzima. Alikula embe zima, akanilazimisha nami nile kipande, meno yakaniuma mpaka kwenye masikio. Halafu akaingia nyuma ya pazia, akatoka blauzi yake imegeuzwa. Nilijua tu kwa sababu nilimwona akiingia. Kwa macho ilikuwa ileile.

"Afadhali?" nikamuuliza.

"Inakuja," akasema.

Haikupita nusu saa, Aling Pura akafika anahema. Mvua ya jana yake ilikuwa imechukua daraja na gari haliwezi kupanda. Ilibidi twende kwa miguu kupitia njia ya zamani ya mashamba ya kahawa, na katika mji mzima aliyeijua vizuri ni Senda, aliyezaliwa kitongoji hichohicho na kuipita kila siku akienda shule.

"Senda, mwanangu," Aling Pura akaanza, macho yakiwa kwa paka, "najua mwaka huu mambo ya blauzi..."

"Wewe nipe fimbo tu, Aling Pura. Twendeni."

Tukaondoka wanawake kumi na wawili tumevaa nyeupe, Senda mbele. Lumen alimfuata visiginoni kabisa, maana hakutaka matope yamrukie kutoka kwa wengine. Njia ile ni ya dakika arobaini. Tulipoingia kwenye mibuni, ukungu ulishuka mzito, ukawa unamwona wa mbele yako kiunoni kwenda juu tu. Tukapita mfenesi mkubwa uliovunjika tawi. Tukatembea. Tukapita mfenesi mkubwa uliovunjika tawi. Nikasema, "Senda, huu si uleule?" Akasema huku mifenesi ni mingi. Mara ya tatu, Aling Pura akakaa juu ya jiwe.

"Huu mti," akasema, "ni mmoja, au iko mitatu mapacha?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja wetu akatoa rozari.

Senda aliegemea fimbo, uso kama wa mtu aliye msibani. "Sitaki kuwatia hofu," akasema, na hapo hofu ikatuingia. "Lakini hapahapa mama yangu alizungushwa mpaka jioni. Na nani, mnajua wenyewe."

"Tugeuze nguo," Aling Pura akasema papo hapo.

"Jamani," akasema Lumen, "sisi si wanakwaya? Tuseme Salamu Maria tuendelee na safari."

"Tutaisema tukishageuza."

"Ni ushirikina, Aling Pura. Padre akisikia?"

"Padre ana ramani yake. Sisi tuna blauzi."

Tukajificha wawiliwawili nyuma ya migomba. Niliivua ya kwangu, nikaigeuza, nikabaki naikodolea macho. Mgongoni, mahali pa bitana ya pamba tuliyoagiza, palishonewa gunia la unga wa ngano. Palikuwa na bata mwekundu amesimama kwa mguu mmoja, na chini yake herufi kubwa: DARAJA LA KWANZA. Nyuzi zilining'inia kila mshono kama ndevu za mahindi. Nikadhani ni yangu peke yangu. Kisha nikasikia kicheko nyuma ya mgomba wa jirani, kikafuata kingine mbali kidogo, na kabla ya muda migomba yote ilikuwa inatikisika.

Tulipotoka, kila mtu alikuwa na kipande chake cha gunia. Huyu kichwa cha bata, yule miguu. Mmoja mgongo wake ulisema WEKA MAHALI PAKAVU, na alikuwa amelowa chapachapa. Aling Pura, ambaye si mwanamke mdogo, alitoka wa mwisho, akaona tunamtazama mgongo.

"Pameandikwa nini?"

Tukasukumana nani amwambie. Nikamwambia mimi. "Uzito halisi, kilo ishirini na tano."

"Laiti," akasema Aling Pura.

Kisha akamgeukia Lumen, aliyebaki palepale na mwavuli wake, blauzi haijaguswa. "Na wewe?"

"Mimi nina mafua."

"Kumi na moja tumegeuza. Kama huyo farasi hatuachii, atakuwa amekushika wewe. Ingia nyuma ya mgomba."

Lumen akaingia. Alikaa huko muda mrefu kuliko sisi sote, akarudi akitembea kiubavuubavu kama kaa, lakini njia ilikuwa nyembamba na mwishowe ilibidi ageuke. Mgongo wake ulisema ZUIA PANYA.

"Senda, wewe hugeuzi?" mtu akauliza.

"Mimi niligeuza tangu asubuhi."

Tukamzunguka. Aling Pura alimshika ukosi, akaupindua, akapitisha ukucha juu ya mshono wa bega, akashuka nao hadi kwenye pindo. Hapakuwa na uzi uliochomoza. Ilibidi atafute kifungo ndipo ajue upande upi ni upi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kwenda kuungama.

Baada ya hapo, dakika kumi tu, tukasikia kengele ya kanisa. Tulitaka kuzirudisha nguo kabla hatujaingia, lakini Senda akatuzuia kwa upole.

"Ukiirudisha kabla hujafika kwako, haisaidii kitu. Wakati wa kurudi atawashika vibaya zaidi. Ila amueni wenyewe."

Tukaingia hivyohivyo. Katika kanisa lile kwaya husimama mbele, imeelekea altare, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na Misa nzima ya kutusoma. Mzee mmoja wa benchi la kwanza, ambaye macho yake hayaoni karibu ila mbali, alisoma kwa sauti kuanzia kushoto kwenda kulia, na alipofika kwa Aling Pura akarudia mara mbili. Nawaambia ukweli, hatujawahi kuimba vizuri kama siku ile. Tulikuwa tumebana kicheko tumboni, na pumzi ikawa haituishii.

Lumen peke yake hakuimba. Nilimwona machozi yakimdondoka juu ya kitabu cha nyimbo. Senda, aliyekaa benchi la pembeni akijipepea kwa furaha, naye akamwona. Upepeo ukasimama mkononi. Katikati ya wimbo aliinuka, akachechemea hadi mbele, akamfunika Lumen mabegani kwa mtandio wake kana kwamba amemwonea baridi, akarudi kukaa. Hakujipepea tena.

Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa palepale. Mfenesi tuliupita mara moja.

Kesho yake, Jumapili mchana, Lumen alikuja kwa Senda na furushi la blauzi zote kumi na mbili. Mimi nilikuwa pale nikiwatazama watoto wa paka. Alilitua furushi mezani.

"Umefurahi, wifi?"

"Jana nilifurahi," akasema Senda. "Leo kidogo."

"Bitana iliisha dukani. Zilibaki siku tatu. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza. Ninayo jora nzima chini ya kitanda."

"Ningekuuliza ungenicheka."

"Ningekucheka," Senda akakubali. "Halafu ningekupa."

Lumen akakaa, uso umevimba. Alisema usiku hakulala, kwamba mumewe alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti, kwamba sokoni asubuhi muuza samaki alimwuliza panya wanaendeleaje. Senda alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaleta ndoo ya maji.

"Vua viatu."

"Sitaki vituko vyako."

"Vua viatu, Lumen."

Akatia miguu, akapiga yowe dogo. Senda akamletea embe. Akala, jicho moja likafumba lenyewe, na nilipomwona hivyo nikacheka, naye akanitukana, kisha akacheka kidogo puani. Tukaanza kufumua magunia. Senda alitoa jora chini ya kitanda, akamwonyesha Lumen jinsi ya kuficha mshono ndani ya mshono mwingine, na Lumen akasema hiyo ni kazi ya bibi zetu, mashine yake haina haja nayo, lakini mikono yake ilifuata. Ya Aling Pura hatukuifumua. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba ya kwake iachwe ilivyo.

Tulikuwa kwenye blauzi ya saba hivi Lumen alipoweka sindano chini.

"Wifi. Ile njia uliipita miaka mingapi ukienda shule?"

"Sita."

"Kila siku?"

"Jumapili hapana."

"Na jana ukapotea mara tatu."

Senda alichukua pini nne mezani, akazipanga mdomoni moja baada ya nyingine, akasema kitu ambacho hatukukisikia. Lumen akamtazama. Nilidhani ataondoka. Badala yake aliokota mkono wa blauzi, akaanza kuupima begani.

"Mwakani tunashona pamoja," akasema. "Mbele unashona wewe, nyuma mimi."

Senda akatoa pini haraka. "Nyuma hushoni wewe."

Nilipoaga kwenda kupika walikuwa bado wanabishana.