Boriti ya Shemsa Yakwama Uchochoroni

Saa tatu asubuhi, Mji Mkongwe, Zanzibar, 2007. Shemsa Himid amesimama chini ya boriti ya chuma, rula mkononi, macho juu. Magogo matano yanaitegemeza. Leo yanatolewa.

"Bi Dalal, nakuomba utoke nje kwanza."

"Nitoke kwangu niende wapi?" anajibu mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini, akiwa jikoni. "Kama unaiamini boriti yako, mimi nikimbie nini? Na kama huiamini, umeileta ya nini?"

Shemsa anarudisha macho kwenye boriti.

Ni mchoraji wa majengo, mkaazi wa Kikwajuni, mama wa watoto wawili. Miaka kumi alichora kwa penseli. Tangu 2005, mwaka juzi, anatumia programu ya kompyuta inayojenga jengo zima la chuma kwenye skrini, bolti kwa bolti.

Anaisifu bila kusita. "Nkibadilisha boriti moja, michoro yote inajirekebisha. Zamani nlikuwa nafuta mpaka karatasi inatoboka." Kwenye ukumbi alioufanyia kazi Tunguu, matundu ya bolti yalikuwa mia nne na kumi. Hakuna hata moja lililokosa mwenzake.

Kwa Bi Dalal, sakafu ya juu ilikuwa imeoza. Shemsa alipima vyumba, akaijenga nyumba kwenye kompyuta, programu ikapitisha boriti ya mita saba. Ililetwa kutoka karakana ya Chukwani. Kwenye kona ya mwisho ya uchochoro ikagoma: mbele ukuta, nyuma baraza ya jirani.

"Kompyuta ilijua kila kitu ila njia," anacheka Makungu, fundi wa kuchomelea. "Wazee walijenga kwa boriti za mikoko, fupi fupi. Ulidhani wajinga, Bi Shemsa?"

Ikabidi ikatwe vipande viwili, viungwe kwa bolti. Programu ilikikubali kiungo, lakini ilihesabu nguvu ya bolti za kwenye orodha yake. Bolti za dukani hazikuwa na alama yoyote ya nguvu.

"Yenyewe inaamini unachoiambia. Nkiidanganya, inanirudishia uongo kwa rangi ya kijani, ati salama," anasema Shemsa.

Alizikataa. Akaagiza kutoka Dar es Salaam bolti zenye alama, akarudia hesabu kwa penseli. Wiki tatu Bi Dalal alilala jikoni.

Makungu anapiga nyundo. Gogo la kwanza. La pili. Chuma kinalia. La tano linaanguka.

Shemsa anapima kutoka kwenye uzi uliovutwa ukuta hadi ukuta. Programu ilisema boriti itashuka milimita sita.

"Nane," anasema.

"Zimezidi mbili tu, Bi Shemsa!" anasema Makungu.

"Huenda ni bolti zimejikalia vizuri kwenye matundu yake, na haitashuka tena. Huenda."

Anaandika ukutani: nane, na tarehe. Atakuja kupima kila Ijumaa mpaka masika yaishe. Na kazi ijayo ataanza na kupima uchochoro, kompyuta ikiwa bado imezimwa.

Bi Dalal anatandika mkeka chini ya boriti, anaweka chai na mandazi. "Njoo ukae, mwanangu."

Shemsa anakaa. Chai haigusi.

"Ijumaa nkiikuta nane ile ile," anasema, macho bado juu, "ndo ntakunywa."